Mshahara wa Mpuliza Tarumbeta

Kila baada ya muda huzuka Dar es Salaam malalamiko yale yale: jiji la mamilioni ya watu, lenye bandari, maghorofa na mabasi ya mwendokasi, halina okestra ya simfoni. Wanaolalamika mara nyingi ni watu waliosoma au kufanya kazi ughaibuni, wakaketi kwenye kumbi za huko, wakaona watu sabini waliovaa nguo nyeusi wakipiga kama mtu mmoja, wakarudi na hamu. Hamu hiyo siidharau. Ila orodha ya mahitaji inayofuata haibadiliki: fidla, walimu wa kigeni, ukumbi wenye viti vya mahameli, na mfadhili kutoka ubalozini. Mimi ni mtu wa Kariakoo, na kumbukumbu zangu za muziki hazihusu usiku fulani. Ni za mazoea ya mtaa, ya kujua bendi gani inapiga wapi siku gani, nani kahamia wapi, na kibao kipi kipya kimetoka mazoezini kabla redio haijakipata. Ukizipima kumbukumbu hizo kwa utulivu utaona kwamba wenzetu wamelishika swali mkiani. Jiji hili limewahi kuwa na okestra kubwa, tena nyingi kwa wakati mmoja, na kilichozisimamisha ni daftari la mishahara.

Tuanze na kitu chenyewe, maana vijana wengi wanaijua DDC Mlimani Park Orchestra kama muziki wa wazee, wa kuwekwa redioni Jumapili mchana. Katika miaka ya 1980 bendi hii ilipanda jukwaani na jeshi kamili. Mbele waimbaji wanne au watano, Hassani Bitchuka na sauti yake ya juu akiwa mmojawapo, wakipokezana na kuitikiana. Nyuma yao magitaa, la solo, la pili, la ridhimu na la besi, kila moja na njia yake, hakuna linalomkanyaga mwenzake. Pembeni wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni. Kisha drams na tumba. Kibao cha dansi la Dar es Salaam kilikuwa na sehemu mbili ambazo kila mtu ukumbini alizijua bila kuambiwa. Sehemu ya kwanza ilikwenda taratibu, nayo ilikuwa ya maneno: kisa kinasimuliwa, wapulizaji wanajaza nafasi kati ya ubeti na ubeti kwa vipande vifupi, na wasikilizaji wengi wameketi wanasubiri kujua kisa kinaishia wapi. Sehemu ya pili muziki ulichemka. Magitaa yaliingiliana, wapulizaji wakashika uongozi, na hapo ndipo viti vilipoachwa. Mtu aliyelipa kiingilio alipata vyote viwili, muziki wa kusikiliza na muziki wa kucheza, ndani ya kibao kimoja, na alijua tofauti yake. Nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolipa uzito.

Mpangilio wa namna hiyo haujitokezei wenyewe. Mpuliza tarumbeta ni mfano mzuri, kwa sababu chombo chake hakimsamehe anayekiacha. Mpiga gitaa akikaa mwezi bila kugusa nyuzi, vidole vitasuasua kisha vitarudi. Mpulizaji akikaa mwezi, misuli ya midomo inalegea, sauti za juu zinapotea, na pumzi haifiki mwisho wa kipande. Sasa chukua wapulizaji watatu wanaotakiwa kuingia pamoja, kukata pamoja na kupumua mahali pamoja. Hao lazima wakutane mara nyingi kwa wiki, mchana, watu wengine wakiwa kazini. Mtu anayeuza mitumba Mchikichini mchana au anayebeba mizigo sokoni hawezi kuwa mpulizaji wa namna hiyo, hata awe na kipaji cha kuzaliwa. Ili awe mpulizaji, lazima tarumbeta ndiyo iwe kazi yake.

Na kwa muda wa kama kizazi kimoja ilikuwa kazi yake kweli. Bendi za kwanza za mjini zilikuwa za vilabu. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilikuwa ya vijana wa mjini waliokuwa na shughuli zao nyingine, na vyombo vilitokana na michango. Kabla yao kulikuwa na ngoma ya beni, na makundi yake ya Arinoti na Marini yaliyokuwa yakishindana kwa matarumbeta na magwaride mitaani, kwa hiyo mji haukuwa mgeni wa vyombo vya shaba. Mageuzi yalikuja mwaka 1964, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilipounda bendi yake na kuwaweka wanamuziki kwenye ajira. NUTA Jazz ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika na taasisi zikafuata njia hiyo moja baada ya nyingine. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Jeshi la Wananchi, JKT, Polisi na Magereza wote walikuwa na bendi za dansi. Mlimani Park yenyewe ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC. Teksi, bima, nguo, magereza: ukisoma orodha hii leo unaweza kucheka. Lakini kila jina hapo lilikuwa na mhasibu, na mhasibu huyo alikuwa na ukurasa wenye majina ya wapiga muziki.

Mshahara peke yake usingetosha kama kusingekuwa na mahali na siku. Kariakoo na majirani zake zilikuwa na vyote viwili. Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, ukumbi uliojengwa miaka ya 1950 kwa fedha za Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, ulikuwa na sakafu iliyozoea dansi tangu kabla ya Uhuru. DDC Kariakoo ulikuwa katikati kabisa, Amana ulihudumia Ilala, DDC Magomeni Kondoa ulihudumia ng'ambo ya Jangwani. Bendi ilikuwa na ukumbi wake na siku zake, na wapenzi walizihifadhi siku hizo kichwani kama ratiba ya swala au ya misa. Mtu alitoka Gerezani au Mtaa wa Sikukuu kwa miguu, akalipa mlangoni, akakaa na watu wale wale aliokaa nao wiki iliyopita. Kutokana na kurudi huko ndipo wasikilizaji wakawa wajuzi. Walijua kuwa mwimbaji fulani leo hana sauti, walijua kipande cha saksafoni kimebadilishwa, na walijadili utunzi kwa ukali uleule wanaoutumia kujadili mabeki wa Simba na Yanga. Ushindani wa Sikinde, yaani Mlimani Park, na Msondo ulifanana sana na ule wa mpira, na sishangai, maana vilabu hivyo viwili navyo makao yao yako hapa hapa, kimoja Msimbazi na kingine Jangwani.

Najua kinachosemwa dhidi ya hoja hii, na cha kwanza ni kwamba natumia neno okestra kwa hila. Simfoni, wanasema, ni fidla, ni noti zilizoandikwa, ni mwongozaji mwenye fimbo. Kuhusu fidla, jibu liko karibu kuliko wanavyodhani. Pwani hii imepiga fidla kwa zaidi ya karne moja. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958, na hapa Dar es Salaam kulikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan. Klabu ya taarabu iliyokamilika ilikuwa na safu ya fidla, kanuni, udi, nai, akodioni, besi kubwa la kusimama, dumbaki na rika, na mwimbaji alisubiri utangulizi mrefu wa vyombo ndipo afungue kinywa. Wasikilizaji walikaa kimya au waliinuka kwa mwendo wa heshima kwenda kutuza. Anayedhani kwamba mtoto wa Kiswahili lazima apelekwe Ulaya ndipo aone watu kumi wakivuta nyuzi pamoja hajawahi kuhudhuria harusi ya kizamani.

Kuhusu noti nakubali nusu. Bendi za dansi zilijifunza kwa sikio. Mtunzi alileta wimbo na wazo la sauti, wenzake wakaujengea magitaa na shaba mazoezini, na mtu kama marehemu Michael Enoch, aliyeanzia gitaa la Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park, alibeba kichwani mipangilio ambayo kwingine ingejaza kabati la makaratasi. Njia hiyo ilizaa kazi zilizopangwa kwa ustadi, hilo halina mjadala kwa mwenye masikio. Udhaifu wake ni kwamba mpulizaji akifariki, njia yake inakwenda naye. Kilichobaki ni kanda za Radio Tanzania, ambayo ndiyo ilikuwa studio ya karibu kila bendi nchini, na kanda hizo ndizo maandishi pekee tuliyonayo. Wapinzani wangu wanaposema kuandika muziki ni jambo la maana, wanasema kweli, na bendi zetu zilipaswa kulifanya. Wanapogeuza hilo kuwa uthibitisho kwamba hapakuwa na okestra, wanachanganya chombo na karatasi yake.

Pingamizi la pili ni la bia. Dansi, wanasema, lilikuwa la baa, na kazi kubwa ya muziki haifanywi kati ya chupa na moshi wa nyama choma. Kwa hili ni vizuri kuangalia okestra yenyewe ya Ulaya ilikotoka. Gewandhaus ya Leipzig, mojawapo ya okestra za zamani zaidi duniani zisizokuwa za jumba la mfalme, ilianzishwa mwaka 1743 na kundi la watu 16, wafanyabiashara na waungwana wa mji, waliochanga kuwalipa wanamuziki 16. Haukupita muda mrefu wakawa wanapiga kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Swani Watatu, mahali pa kulala na kunywa. Mwaka 1781 walihamia kwenye ukumbi ndani ya jengo la wafanyabiashara wa nguo, na jina la jengo hilo la biashara ndilo okestra inalolibeba mpaka leo. Huko kukaa kimya kabisa ukumbini nako ni desturi ya baadaye. Katika karne ya 18 watu walizungumza, walitembea, walipiga makofi katikati ya kazi ikiwanogea, na ni karne ya 19 iliyowafundisha kunyamaza. Baa na vitambaa, basi, ndiyo malezi yake. Kariakoo haina sababu ya kuona haya.

La tatu ni zito zaidi: kwamba muziki wa kulipwa na chama na mashirika ya umma ulikuwa tarumbeta ya serikali kwa maana mbaya. Ni kweli bendi zilitunga nyimbo za kusifu chama, mkutano mkuu, kampeni ya kilimo, vita vya Kagera. Mtu akilipwa na shirika huimba harusi ya shirika. Lakini tazama ni nyimbo zipi wapenzi walizishika. Za Mlimani Park zilizobaki midomoni ni Mtoto Akililia Wembe, Kassim Amefilisika, Barua kutoka kwa Mama, Nalala kwa Tabu. Hizi ni nyimbo za ndoa iliyokwama, deni, uzembe, wazazi walioachwa shamba, mapenzi yenye mzaha wa pesa. Hazina itikadi zaidi ya ile ya mtu anayejaribu kuishi mjini. Mwajiri alidai sehemu yake na akapewa, kisha akamwachia mtunzi usiku uliobaki. Mabwana wa Ulaya waliowalipa watunzi wao nao walidai nyimbo za kuzaliwa kwa mabinti zao, na hakuna anayeyakataa mengine yote kwa sababu ya hizo.

Wapo wanaosema mishahara hiyo haikufanya chochote, maana bendi zilivunjika kila mwaka. Ushahidi wanao. Mlimani Park ilizaliwa kwa kuchukua wanamuziki wa Dar International ya Marijani Rajabu na wa JUWATA, Muhidin Gurumo akiwa miongoni mwao. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake wakahamia Orchestra Safari Sound, na miaka ya 1990 akarudi Msondo alikotoka. Lakini mimi nauona mzunguko huo kinyume chake. Mtu huhama kazi pale tu kunapokuwa na kazi nyingine ya kuhamia. Mji ambao mwimbaji anaweza kugombewa na waajiri watatu ni mji wenye soko la muziki kamili, na kila kuhama kulilazimisha bendi iliyoachwa kufundisha mtu mpya. Mafundi wa Kongo walioingia nchini miaka ya 1970, Orchestra Maquis ikiwa mbele yao, walikuta soko hilo na kuliongezea moto. Aibu ya mfumo haikuwa kuhama. Ilikuwa kwamba vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, kwa hiyo mpulizaji aliyepuliza kwa miaka ishirini alistaafu bila tarumbeta.

Sasa tuje kwenye kuanguka kwake, maana hapo ndipo hoja inapopimwa. Maelezo ya kawaida ni kwamba ladha ilibadilika: ikaja miaka ya 1990, zikaja redio na televisheni binafsi, ikaja bongo fleva, vijana wakaliacha dansi. Maelezo haya ni mepesi mno, na kinachoyapinga ni taarabu. Wapenzi wa taarabu na wapenzi wa dansi hawakuwa watu wale wale, mashairi yao hayakufanana, na taarabu haikukosa wasikilizaji katika miaka hiyo. Kinyume chake ilifurika watu, mipasho ikawa gumzo la kila kitongoji. Hata hivyo safu ya fidla ilitoweka. Kanuni ikatoweka, nai ikatoweka, na mahali pao akakaa mtu mmoja na kinanda cha umeme chenye sauti zote ndani. Kwenye dansi wapulizaji walipungua kutoka wanne hadi wawili, kutoka wawili hadi mmoja, na katika bendi nyingine kinanda kikachukua kazi yao pia. Muziki mmoja ulipoteza wapenzi na mwingine ukawaongeza, na yote miwili ikapungua watu jukwaani katika miaka ile ile. Kwa hiyo ladha siyo sababu. Sababu ni kwamba mashirika yalifilisika, yakauzwa au yakaacha kulipa bendi, na kundi lililobaki likategemea mapato ya mlangoni. Mapato ya mlango ukiyagawa kwa watu ishirini kila mmoja anapata nauli. Ukiyagawa kwa saba, wanakula.

Na kama bado kuna mwenye shaka, atembelee gwaride lolote la taifa. Brasbendi za Polisi na Jeshi ziko pale pale, na safu zao za shaba zimekamilika, tarumbeta, tromboni, tuba, vijana kwa wazee, tena wanasoma noti. Hakuna aliyefanya utafiti wa ladha ya wananchi kabla ya kuwabakiza. Wamebaki kwa sababu mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Kuna nini tena cha kueleza?

Kuna Kinshasa, kwa kweli, na ningekuwa mwongo nikiiacha, kwa sababu inaonekana kuivunja hoja yangu yote. Okestra ya simfoni ya Kanisa la Wakimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, katika mji uliokuwa umeporomoka kiuchumi kuliko Dar es Salaam ilivyowahi kuporomoka, bila mishahara, kwa fidla chache zilizopokezanwa zamu kwa zamu na waya wa breki ya baiskeli ukifanya kazi ya uzi uliokatika. Leo inapiga kazi za Beethoven na Orff, na filamu ya mwaka 2010 imeipeleka dunia nzima. Wachezaji wake mchana walikuwa mafundi, wauzaji, watu wa sokoni. Hapo mshahara uko wapi? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba kanisa lilifanya kazi ya mwajiri. Lilitoa mahali, lilitoa siku, lilitoa nidhamu ya kufika, lilitoa wasikilizaji ambao wangekuja kwa hali yoyote, na lilimpa mpigaji heshima ambayo familia yake iliikubali kama malipo. Hata Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, ilipata pa kuanzia kwenye viwanja vya parokia. Kwaya zetu za Dar es Salaam, zenye watu hamsini, sitini, nazo zinaishi kwa utaratibu huo. Kwa hiyo nairekebisha hoja: kundi kubwa linahitaji taasisi inayoweza kumdai mtu muda wake na kumlipa kitu anachokithamini. Kanisa linaweza kulipa kwa wokovu. Ukumbi wa Kariakoo hauwezi, ulipe kwa shilingi.

Mtu wa hesabu ataniuliza kwa nini shilingi hizo ziende kwa wapulizaji wakati zahanati zinakosa dawa. Swali ni la haki, ila linachukulia kwamba bendi zilikuwa mzigo mtupu. DDC ilikuwa na kumbi, kumbi ziliuza vinywaji, na watu walikuja kunywa kwa sababu bendi inapiga. Bendi ilikuwa sehemu ya biashara, hata kama vitabu vya mashirika ya wakati ule havikuwa mfano wa kuigwa. Kilichokufa miaka ya 1990 ni subira ya mwenye mali, ya kusubiri kundi lizoeane na wasikilizaji wazoee siku. Mwenye baa wa leo anataka watu Ijumaa hii, na kwa Ijumaa hii kinanda kinatosha.

Kuna jambo moja ambalo sitaki kulisamehe katika kumbukumbu hizi, na halijibiwi na mshahara. Wanawake walikuwa nusu ya ukumbi na karibu hawakuwapo jukwaani. Kida Waziri alisimama na Vijana Jazz akaimba kwa nafasi yake, na unaweza kuhesabu wengine kwa vidole. Mpuliza saksafoni mwanamke katika bendi za dansi za mashirika sikumbuki kumwona. Taarabu iliwapa wanawake sauti ya mbele, lakini hata huko vyombo vilishikwa zaidi na wanaume. Kama mtu anataka kufufua kitu, asilifufue na hilo.

Wanaotaka simfoni Dar es Salaam wana kazi ya kufanya, na ningependa waifanye kwa mpangilio tofauti na ule wa orodha yao. Kanda za Radio Tanzania ziko TBC. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa chenye walimu na wanafunzi wanaoweza kukaa na kanda hizo na kuandika njia za shaba na magitaa ya vibao hamsini, kazi ya miaka miwili au mitatu, kabla wazee wachache waliozipiga hawajaacha kupatikana kwa kuulizwa. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi ambacho kimekuwa kikifundisha fidla, kanuni na udi tangu mwaka 2002, kwa hiyo hata wavuta nyuzi hawahitaji kuagizwa mbali. Baada ya hapo ni ukumbi mmoja wenye siku moja ya wiki isiyobadilika, na ajira ishirini na tano za kudumu, wanawake wakiwemo kwenye shaba tangu siku ya usaili. Programu ya jioni ianze na vibao vya Sikinde na Msondo kwa safu kamili, kisha taarabu ya Al-Watan, kisha Beethoven akipenda kuja.

Wataniuliza nani alipe. Leipzig walilipa watu 16 wenye maduka na majina. Mtaa wa Kongo peke yake, kutoka Barabara ya Uhuru hadi sokoni, una wauza nguo zaidi ya hao, nao huchangia timu za mpira, misikiti, makanisa na kampeni za uchaguzi bila kuombwa mara mbili. Hakuna aliyewahi kuwapelekea daftari la okestra lenye jina la mpulizaji, kiasi cha mshahara wake kwa mwezi, na nafasi tupu ya kuandika mlipaji.